Safari ya usiku kupitia Ipogolo: Taa, mwenza na mahali pa kupumzika

Na Mwandishi Wetu, Iringa

KATIKA mchezo wa kompyuta uitwao Dragon's Dogma 2, uliotolewa na kampuni ya Capcom ya Japani mwezi Machi 2024, mchezaji husafiri katika nchi ya kubuni yenye majoka na mazimwi. Mchana njia huonekana na hatari hupimika. Jua likizama, giza huwa zito kiasi kwamba msafiri haoni kitu nje ya mwanga wa kandili aliyoibeba, na mafuta ya kandili hiyo huisha.

Waliouzoea mchezo huo hufuata kanuni chache. Hubeba mafuta ya akiba, hawatembei bila wenza, na jua linapoelekea magharibi hutafuta mahali pa kupiga kambi. Upo pia mkokoteni wa ng'ombe unaobeba abiria kwa nauli. Abiria akisinzia humo, huenda akazinduka amefika aendako, au akazinduka katikati ya pori, mkokoteni ukiwa umevamiwa.

Mkazi wa Ipogolo hahitaji majoka ili aielewe habari hiyo. Kila usiku mabasi na malori hupita mbele ya mlango wake yakiwa na watu waliosinzia. Tofauti ni moja tu: katika mchezo, anayekufa hurudi pale alipohifadhi safari yake mara ya mwisho na kuanza upya. Barabara kuu ya Tanzania na Zambia haina nafasi hiyo.

Makala haya yanaeleza kwa nini usiku una hatari ya pekee katika kipande hiki cha barabara, na mambo ambayo dereva na abiria wanaweza kuyafanya kabla hatari haijawafika.

Ipogolo na barabara yake

Ipogolo ni eneo la Manispaa ya Iringa lililoko bondeni, karibu na Mto Ruaha Mdogo, chini ya mlima ambao juu yake umejengwa mji. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma haipandi mjini, bali hupita bondeni na kuendelea na safari yake. Ndiyo maana kwa miaka mingi msafiri wa Iringa amekuwa akishuka Ipogolo na kutafuta daladala ya kumpandisha mlimani. Katika miaka ya karibuni stendi kuu ya mabasi imehamishiwa Igumbilo, kandokando ya barabara hiyo hiyo.

Kutoka Dar es Salaam hadi hapa ni takriban kilomita 500, na kutoka hapa hadi Mbeya ni takriban kilomita 330. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, haikupita Iringa. Ilipita Ifakara na Mlimba, kisha ikaibukia Makambako. Hivyo basi, kwa mwananchi wa kawaida wa Iringa, safari ya mbali ni safari ya barabara.

Barabara hiyo ilianza kuogopwa zamani. Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, walipojitangazia uhuru, Zambia ilijikuta imefungiwa njia yake ya kusini ya kupata mafuta. Mapipa yakabebwa kwa malori kutoka Dar es Salaam kupitia Iringa na Mbeya, juu ya barabara iliyokuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Ajali zilikuwa nyingi hata madereva wa kigeni wakaipachika jina lenye maana ya mbio za jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilipoanza kazi mwaka 1968 lilipunguza mzigo huo, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 barabara ikapata lami. Lami iliondoa tope, ila milima, kona na giza vilibaki palepale.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilizuia mabasi ya abiria kusafiri usiku kucha, kutokana na ajali pamoja na utekaji wa mabasi. Malori hayakuguswa na katazo hilo. Kwa takriban miaka 30 abiria alizoea kuondoka alfajiri, na basi lililochelewa lililazimika kusimama hadi kupambazuke. Juni 2023, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza bungeni kuwa mabasi yataruhusiwa kusafiri kwa saa 24, na Oktoba mwaka huo Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) ikaanza kutekeleza ratiba za usiku.

Uamuzi huo ulikuwa na faida zilizo wazi. Mfanyabiashara wa nyanya wa Ilula au wa vitunguu wa Ruaha Mbuyuni haishi kwa saa za mchana peke yake, na mgonjwa anayepelekwa hospitali ya rufaa hachagui saa ya kuugua. Hata hivyo, ruhusa ya kusafiri usiku haikuufanya usiku kuwa mchana.

Saa mbaya, mahali pabaya

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha tatizo. Tuchukue basi linaloondoka Dar es Salaam saa 3 usiku, likienda kwa wastani wa kilomita 55 kwa saa pamoja na vituo vyake. Baada ya saa 7 usiku litakuwa linaingia Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, ambako barabara hukatiza kwa takriban kilomita 50 na wanyama huvuka bila taarifa. Kisha litapita Ruaha Mbuyuni na bonde la mibuyu, na karibu saa 11 alfajiri litakuwa linaanza kupanda Mlima Kitonga.

Tuchukue basi jingine linaloondoka Mbeya saa 2 usiku. Litafika Ipogolo karibu saa 8 usiku, na saa moja na ushei baadaye litakuwa linaanza kuteremka Kitonga hiyo hiyo kwa upande wa pili.

Kati ya saa 8 usiku na saa 12 asubuhi ndipo mwili wa binadamu hudai usingizi kwa nguvu kuliko wakati mwingine wowote. Hapo hata aliyelala mchana hulegea. Mwaka 1997 watafiti Drew Dawson na Kathryn Reid wa Australia walichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungukiwa na wepesi wa akili na mikono, sawa na aliyekunywa pombe hadi kiwango cha asilimia 0.05 katika damu. Dereva aliyeamka saa 12 asubuhi kushughulikia mambo ya nyumbani, kisha akashika usukani saa 3 usiku, hufikia saa hizo 17 saa 5 usiku, hata kabla ya kuiona Morogoro.

Kwa maneno mengine, ratiba nyingi za usiku huukutanisha usingizi mzito na mlima mkali katika saa moja. Jambo hili ndilo msafiri wa barabara hii anapaswa kulijua kuliko mengine yote.

Taa: usikimbie kuliko mwanga wako

Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa, ambao ndio ukomo wa kisheria wa mabasi na malori makubwa nchini, husogea takriban mita 22 kila sekunde. Dereva akiona kitu barabarani huhitaji kama sekunde moja na nusu kutambua na kukanyaga breki. Katika muda huo gari limeshakula mita 33. Kusimama kabisa huhitaji mita nyingine zaidi ya 35 kwa gari dogo lenye matairi mazuri kwenye lami kavu. Jumla ni takriban mita 70, na kwa basi au lori lililoshiba mzigo ni zaidi.

Taa za chini, ambazo dereva hulazimika kuzitumia anapokutana na gari jingine, kwa kawaida huangaza vizuri mita 40 hadi 60. Maana yake ni kwamba dereva wa kilomita 80 anayetumia taa za chini anakwenda mbio kuliko anavyoona. Kitu kilichosimama nje ya mwanga wake, awe punda, mwendesha baiskeli au lori lililoharibika, atakiona wakati hawezi tena kukikwepa. Akishusha mwendo hadi kilomita 60, umbali wa kusimama kwa gari dogo hupungua kufikia mita 45 hivi, na mwanga wake huanza kumtosha.

Nyanda za Juu Kusini huongeza mzigo mwingine, nao ni ukungu. Kuanzia Mafinga kuelekea Makambako, hasa miezi ya Juni hadi Agosti na nyakati za mvua, ukungu huweza kutanda ghafla. Taa kali ndani ya ukungu hurudisha mwanga machoni mwa dereva mwenyewe. Dawa yake ni taa za chini, mwendo mdogo, na kuufuata mstari wa pembeni wa kushoto. Mstari huo huo ndio wa kutazama unapopigwa na taa kali za gari linalokuja, kwa kuwa macho yaliyopofushwa huchukua sekunde kadhaa kurudi katika hali yake.

Eneo la Mafinga lina jambo la ziada. Msitu wa Sao Hill hutoa mbao, magogo na nguzo, na malori yanayobeba mizigo hiyo huweza kuwa na ncha zilizochomoza nyuma. Usiku ncha hizo hazionekani hadi gari liwe karibu mno. Kuacha nafasi kubwa nyuma ya lori la mbao ni jambo la lazima.

Si usiku peke yake unaoua. Tarehe 11 Machi 2015, asubuhi, kontena lililoanguka kutoka kwenye lori liliangukia basi la abiria eneo la Changarawe, Mafinga, na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Iwapo hayo yalitokea mchana, msafiri wa usiku ana sababu ya ziada ya kukaa mbali na mzigo mrefu.

Kitonga: kuteremka kwa gia

Mlima Kitonga, ulioko Wilaya ya Kilolo, una kona zilizofuatana, ukuta wa mawe upande mmoja na korongo upande wa pili. Malori yanayotoka Zambia na Kongo yakiwa na shaba, pamoja na yale ya mbao na mahindi, huteremka hapo yakiwa yamejaa. Yanayopanda hutambaa polepole sana, mengine yakiwa na taa hafifu za nyuma.

Kanuni ya madereva wakongwe ni kwamba gari huteremka kwa gia ile ile ambayo lingepandia. Gia nzito huifanya injini ishike mwendo, na breki hubaki kwa ajili ya kusaidia. Dereva anayekanyaga breki mfululizo tangu juu huzichemsha, na breki iliyochemka hupoteza nguvu ya kushika hata ikikanyagwa hadi chini. Harufu ya kuungua ndani ya gari ni onyo la mwisho. Anayeweka gia huru ili kuokoa mafuta huwa ameitupa breki yake kubwa kuliko zote, yaani injini.

Gia nzito inapaswa kuingizwa kabla mteremko haujaanza. Gari likishashika kasi, kuirudisha gia chini huwa kazi ngumu, na mara nyingine haiwezekani.

Wenza wa safari

Sheria inataka safari ya basi inayozidi saa 8 iwe na madereva wawili. Mabasi pia hufungwa Mfumo wa Kufuatilia Mwenendo wa Magari, ambao huonyesha mwendo wa basi lilipo, na kila dereva hutakiwa kujitambulisha kwa kitufe chake kabla ya kuondoka. Lakini dereva wa pili ana faida pale tu anapokuwa amelala kweli. Aliyekaa macho akipiga soga na mwenzake hadi saa 8 usiku hupokea usukani akiwa amechoka sawa na yule anayempokea.

Katika lori, mwenza ni utingo. Kazi yake usiku si kulala kwanza, bali ni kumsemesha dereva na kuangalia dalili: kupiga miayo mfululizo, kufumba na kufumbua macho mara kwa mara, gari kugusa mstari wa pembeni, au dereva kushindwa kukumbuka kijiji walichokipita punde.

Abiria naye ni mwenza. Anapokata tiketi ana haki ya kuuliza kama basi lina madereva wawili. Akishaketi, afunge mkanda na asiufungue anapolala, kwa kuwa wengi hujeruhiwa wanaporushwa ndani ya basi au nje yake. Dereva akikimbiza, ni vyema malalamiko yapelekwe kwanza kwa kondakta, kwa lugha ya heshima na kwa sauti ya watu kadhaa: "Kaka, tunaomba dereva apunguze mwendo, tuna watoto humu." Basi zima likisema neno moja, ni vigumu kulipuuza. Isiposaidia, namba 112 ya polisi hupigwa bila malipo.

Wapo pia wenza usiowajua, yaani madereva wengine wa barabarani. Matawi ya miti yaliyotandazwa juu ya lami yanamaanisha kuwa mbele kuna gari lililoharibika, hata kama pembetatu za kuakisi mwanga hazipo. Punguza mwendo mara moja, usisubiri kuliona gari lenyewe. Desturi nyingine ni ya lori la mbele kuwasha indiketa ya kushoto kumwashiria aliye nyuma apite, na ya kulia kumzuia. Ishara hiyo ni ya hisani, nayo haichukui nafasi ya macho yako. Mwenye lori anaweza kukosea, au akawa anakata kona kweli.

Kambi: Ipogolo ni mahali pa kuamua

Kwa dereva anayetoka Mbeya, Ipogolo na Igumbilo ni mahali penye taa, chakula, mafuta na watu, kabla ya kuanza safari ya kuelekea Ilula na Kitonga. Ni hapa ambapo anapaswa kujiuliza kama macho yake yanamtosha. Akijiuliza kwenye kona ya kwanza ya Kitonga atakuwa amechelewa.

Kufungua dirisha, kuongeza sauti ya redio na kunawa uso humchangamsha dereva kwa dakika chache tu. Dawa ya usingizi ni usingizi. Kulala dakika 15 hadi 20, gari likiwa limeegeshwa nje kabisa ya barabara, hurudisha uangalifu kwa muda wa kutosha kuvuka mlima. Kahawa husaidia pia, ila huhitaji karibu nusu saa kabla haijafanya kazi. Wapo wanaokunywa kikombe kwanza kisha wakajilaza, ili waamke kahawa ikiwa imeanza kazi yake. Aliyekaa macho tangu jana hafai kupewa ujanja huo. Alale hadi asubuhi.

Anayetoka Dar es Salaam hufikiri hivyo hivyo akiwa Ruaha Mbuyuni, kabla ya kuanza kupanda.

Kushuka usiku

Ratiba za usiku zimeleta jambo ambalo wazazi wa Iringa hawakulizoea: mwanafunzi au mama mwenye mtoto mchanga kushuka bondeni saa 9 usiku, katika baridi. Anayeshuka saa hizo ni heri abaki penye taa na watu hadi kupambazuke, kuliko kupanda mlimani kwa pikipiki ya mtu asiyemjua. Kama ni lazima kuondoka, ndugu apigiwe simu kabla ya kufika, aje mwenyewe au amtume bodaboda anayefahamika, na atumiwe namba ya chombo hicho.

Ndani ya basi, chakula na kinywaji cha jirani usiyemfahamu hukataliwa kwa shukrani. Simu na fedha hukaa mwilini, si kwenye begi la juu. Sweta au shuka ni sehemu ya mizigo ya lazima, kwani anayetoka joto la Dar es Salaam huipuuza baridi ya Makambako hadi imfike.

Ikitokea ajali

Gari likiharibika au kupata ajali usiku, abiria washuke kwa upande ulio mbali na barabara na wasogee pembeni kabisa, wasisimame nyuma ya gari wala katikati ya lami. Pembetatu au matawi yawekwe mbali ya kutosha, pande zote mbili. Polisi hupatikana kwa namba 112, na zimamoto kwa namba 114.

Lori la mafuta likianguka, kila mtu akimbie mbali nalo, bila kuchota, bila kuwasha kiberiti na bila kupiga picha. Agosti 10, 2019, eneo la Msamvu, Morogoro, kwenye barabara hii hii, lori la mafuta lililoanguka lililipuka wakati watu wakiwa wamelizunguka, na waliofariki dunia walizidi 100.

Mchezaji wa mchezo wa kompyuta anayekutwa na giza porini hujifunza kwa kufa mara nyingi. Msafiri wa barabara hii anapaswa kujifunza kwa njia nyingine, yaani kuamua mapema, mahali penye taa. Maneno "Kawia Ufike" huandikwa kwenye vyombo vingi vya usafiri nchini, na wengi wetu huyasoma kama pambo. Dereva anayeegesha Ipogolo saa 8 usiku na kulala kidogo huwa ameyasoma sawasawa. Ndugu wanaowasubiri abiria wake watasubiri kidogo zaidi, kisha watawapokea.